Chanjo Iliyotundikwa Mtini

Hapa Santa Rufina nikisema mvua inanyesha, watu hutoka nje kwanza kuhakikisha. Sikasiriki. Tangu nistaafu kazi ya kiwanda cha kuchambua pamba sina shughuli nyingine ila kukaa kwenye kilabu cha chicha, pombe yetu ya mahindi, cha komadre wangu Hermelinda Yamunaqué, na kuwasimulia watu mambo yaliyonipata, na mengine yaliyokuwa njiani kunipata yakachelewa. Ni mimi niliyesafiri juu ya mlango wa kanisa mwaka wa mafuriko hadi mpakani, nikamkuta afisa wa forodha amekaa juu ya mlango wa choo, akanidai pasipoti. Ni mimi niliyekuwa na punda aliyegoma kubeba mizigo siku za Jumapili kwa sababu za dini. Na ni mimi niliyemwona, kwa macho haya mawili, mbu wa mtoni akiingia uani kwa Hermelinda, akambeba jogoo mzima mzima, na kesho yake akarudi kuchukua kuku wawili, maana jogoo alikuwa analalamika upweke.

Huyo mbu naomba mmkumbuke. Ndiye aliyetumaliza.

Hermelinda ni komadre wangu kwa kuwa mimi ndiye niliyemshika mwanawe Lizardo alipobatizwa. Kwetu hilo si jambo la picha na keki. Ukishamshika mtoto, wewe ni padrino wake, baba wa ubatizo, maisha yote, na wewe na mama yake mmekuwa ndugu. Hamshtakiani, hamdanganyani, na hata mkitukanana mnatukanana kwa heshima: "Mjinga wewe, kompadre." "Mjinga ni wewe, komadre." Lizardo alikulia kwenye magoti yangu. Alikuwa halali mpaka asikie habari za yule mbu.

"Padrino, na jogoo alisema nini akiwa angani?"

"Alisema, jamani, mbona leo nimekuwa tai?"

Kila siku anauliza hilohilo, na kila siku anacheka kama hajawahi kulisikia. Akakua, akawa daktari. Wa kwanza kutoka kwenye mchanga huu. Mama yake alimsomesha kwa chicha, na sisi tulichangia kwa kuinywa.

Sasa, sisi tunayo homa yetu, tunaiita Mvunja-mifupa. Huja na mvua, inaletwa na mbu wa kawaida, wale wadogo ambao sijawahi kuwasingizia kitu. Ukiipata mara ya kwanza, unalala kama gunia lililoangushwa kutoka kwenye lori, halafu unaamka. Ukiipata mara ya pili, damu inatafuta kila mlango wa kutokea, na wengi hawaamki. Kwa hiyo aliyekwisha kuugua mara moja huishi akiangalia mawingu. Hermelinda alikwisha kuugua mara moja. Na Crisanta Silupú, yule anayekaanga viazi vitamu mlangoni pa Hermelinda na ambaye mdomo wake una moto kuliko karai lake, naye pia.

Ndipo Lizardo alipokuja na gari la kampuni, vikasha vya barafu vimejaa nyuma. Kampuni ilikuwa na chanjo, ilitaka watu wa kuijaribia. Miji mingine ya bonde ilikataa. Huko Chapetón waliwafukuza kwa mbwa. Lakini kwetu aliyeshika sindano ni mtoto wetu.

"Nusu yenu mtapata chanjo," alituambia, "na nusu maji ya chumvi tu. Nani kapata nini, hata mimi sijui. Ndivyo sayansi inavyotaka."

"Sayansi gani hiyo inadunga watu maji?" Crisanta akamuuliza. "Maji tunayo mtoni, bure, na yana mpaka vyura."

Hermelinda alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa blauzi. "Nilikubeba tumboni," alimwambia mwanawe. "Mkono ni kitu gani?"

Tukapanga mstari nyuma yake, Santa Rufina nzima.

Majaribio yakaisha, ikaja Kanivali, na kwenye Kanivali sisi tunakata yunza. Unasimikwa mti katikati ya uwanja, umetundikwa zawadi kila tawi: mabeseni, blanketi, ndoo, miavuli. Watu wanacheza kuuzunguka wawiliwawili, kila wawili wanapokezana shoka, wanapiga kidogo, wanapisha wengine. Mti ukianguka ni vurugu, kila mtu ananyakua alichokiwahi, na ulichonyakua unaweza kumpa umtakaye, naye haruhusiwi kukataa. Lakini yule aliyepiga pigo la mwisho, yeye ndiye padrino wa mti. Mwakani ni juu yake kuuleta mwingine, umejaa. Anayeangusha mti asilete mwingine, afadhali ahame. Hata mbwa wake hawatasalimiwa.

Mwaka ule aliyeangusha ni Lizardo. Alicheza na mama yake, shati jeupe, akapiga, mti ukalia, ukaenda chini. Uwanja mzima ukapiga kelele: "Padrino! Padrino!" Akapanda juu ya kisiki, jasho linamtoka, chicha imemfika masikioni.

"Mwakani nauleta mti," akasema, "na mtini naleta chanjo! Waliopata maji ndio watakaokuwa wa kwanza. Mkono uliotoa ndio utakaopokea!"

Tulilia. Mimi nililia, na huwa nalia kwa kulipwa kinywaji tu. Hakuna aliyefikiria kumwambia aandike popote. Nani anamwandikisha padrino wa mti? Baadaye wakili mmoja wa Lima, mji mkuu, aliniuliza swali hilohilo, na nilipomjibu alinitazama kama anamtazama mtu aliyeweka nyumba yake rehani kwa ahadi ya kasuku.

Chanjo ikafaulu. Redio ikatangaza, wakubwa wakapeana mikono. Wakatuma watu kutujulisha nani alipata nini. Mimi, mwongo wa mji, nilipata chanjo ya kweli. Hermelinda na Crisanta, ambao hawajui kudanganya hata bei ya kiazi, walipata maji.

"Basi, tunangoja zetu," akasema Crisanta.

Tukangoja. Chanjo haikuja. Kampuni ilikuwa imetaja bei, serikali ikasema bei hiyo ni ya wendawazimu, kampuni ikasema basi haitaleta hata kichupa kimoja nchini mpaka bei ikubaliwe. Hapo ndipo wakili alipokuja, mama mmoja anaitwa Otilia Barreda, wa chama cha wagonjwa, viatu vyake vya mjini vikizama kwenye mchanga wetu. Akakaa kwenye benchi la Hermelinda akatueleza.

"Kampuni ina hataza. Maana yake, kwa miaka mingi hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitengeneza chanjo hii."

"Hata kama waliijaribia mikononi mwetu?" Hermelinda akauliza.

"Hata hivyo, mama. Mikono haiandikwi kwenye hataza." Akanywa chicha kidogo, akakohoa. "Lakini sheria imeacha mlango. Serikali ikiona kuna dharura ya afya, inaweza kukiruhusu kiwanda cha umma kuitengeneza bila ridhaa ya kampuni, na kampuni ikalipwa fidia ya haki. Kamati inakaa Lima kusikiliza kama dharura ipo. Nahitaji shahidi kutoka hapa, aeleze homa hii inafanya nini."

Hapo ndipo Santa Rufina ilipofanya kosa ambalo ni Santa Rufina tu ingelifanya. Tungempeleka Crisanta, angesema kweli na kutukana kidogo. Tungempeleka Hermelinda. Lakini sisi tunaamini maneno ni kazi ya fundi, kama kushona viatu.

"Apelekwe Sixto," Crisanta akasema. "Mwenye mdomo ni yeye. Sisi tutaenda kule tutetemeke."

Kila mtu akaafiki. Mimi kwanza.

Hermelinda peke yake alinivuta pembeni, penye mitungi. "Kompadre, huko useme kweli tupu. Usitie hata chumvi."

"Hata chembe, komadre."

"Apa."

Nikaapa. Mara ya kwanza tangu ndoa yangu.

Lima ni mji wenye mvua isiyojua kunyesha; inakutemea mate tu. Kamati ilikaa kwenye ukumbi wenye mazulia, ukitembea husikii kama umefika. Wakaniita. Nikasema: mimi ni Sixto Chiroque, mstaafu, naishi Santa Rufina. Nikawaambia Mvunja-mifupa inavyoanza machoni. Nikawataja waliokufa mara ya pili, kwa majina na nyumba zao, fundi wa matofali, mke wa mpiga tarumbeta, mapacha wa kina Ipanaqué. Nikawaambia ahadi tuliyopewa juu ya kisiki. Sikuongeza hata punda. Sikuwahi kuona watu wakininyamazia hivyo. Mwenyekiti, bwana mmoja mwenye nyusi kama brashi ya viatu, alikuwa anaandika haraka. Nikarudi kukaa, mwili mwepesi. Nikajisemea, kumbe ukweli nao unasimulika.

Halafu kampuni ikamwita shahidi wake, mlango ukafunguka, akaingia Lizardo.

Suti ya kijivu. Hakunitazama. Nilidhani amekosea ukumbi, nikainua mkono kidogo nimwashirie, kama unavyomwashiria mtoto kanisani.

Akaulizwa kuhusu homa. Akasema vifo vingi vya bondeni havikupimwa maabara, kwa hiyo haiwezi kuthibitishwa vilisababishwa na nini. Ni kweli havikupimwa. Zahanati yetu haina kipimo, na anayejua hivyo zaidi ya wote ni yeye. Akasema neno "dharura" ni kubwa mno kwa takwimu zilizopo. Alisema kwa upole, kama anamshauri mgonjwa apunguze sukari.

Kisha mwanasheria wa kampuni akauliza, "Daktari, unamfahamu shahidi aliyetangulia?"

"Ni padrino wangu. Nampenda sana."

"Ni mtu wa kuaminika?"

Lizardo akatabasamu. Lile tabasamu nalijua, maana ni langu. Nilimfundisha mimi, ndilo la kumwekea msikilizaji kabla hujamwangusha. "Padrino wangu," akasema, "ni msimuliaji bora kuliko wote mkoani Piura. Nikiwa mtoto alinieleza kuhusu mbu aliyembeba jogoo wa mama yangu."

Na akaisimulia. Yote! Na jogoo, na tai, na kuku wawili wa upweke. Alivuta pumzi pale ninapovuta mimi, akanyanyua nyusi pale ninaponyanyua. Wakaanza kucheka nyuma, wakacheka mbele, mwenyekiti akaweka kalamu chini akafuta macho. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikaribia kucheka nami, kwa jinsi alivyoisimulia vizuri.

"Na alisema ni kweli?" mwanasheria akauliza.

"Aliapa kwa macho yake mawili."

Kalamu ya mwenyekiti haikuokotwa tena. Kamati ikaamua kwamba dharura haijathibitishwa.

Nilimkuta nje ya ukumbi, anafunga mkoba. Otilia alitaka kunivuta, nikamwambia, mama, hili ni la nyumbani.

"Padrino," Lizardo akaanza yeye, "nisikilize kwanza. Kutengeneza chanjo kunachukua miaka na mali isiyosemeka. Ukiwanyang'anya hataza leo, kesho ikija homa nyingine nani atahangaika nayo? Watatafuta dawa za upara. Magonjwa ya watu kama sisi hayatakuwa na mtu."

"Hilo ni neno," nikamwambia. "Hilo ungewaambia, wapime. Mimi nisingekulaumu. Lakini mbu wa nini, Lizardo? Mbu umemtolea nini?"

Akaubana mkoba. Kisha akasema polepole, "Kwa sababu walikuwa wanakuamini."

Nilirudi na basi la mchana na usiku, nimeshika kofia mapajani. Hermelinda alikuwa mlangoni, kitambaa cheupe cha kilabu, cha kuonyesha kwamba chicha ipo, kikipepea juu ya kijiti chake.

"Imekuwaje?"

Nikamweleza, kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Ulitia chumvi?"

"Sikutia, komadre."

Akaingia ndani kuosha vibuyu. Siku ile viling'aa sana.

Ikarudi Kanivali. Tuliwekeana dau kama Lizardo ataleta mti au hataleta. Akauleta. Lori liliingia mchana jua likiwa kichwani, limebeba mkaratusi kutoka milimani, mrefu, umejaa mabeseni na blanketi na miavuli yenye jina la kampuni. Haujawahi kuonekana mti tajiri kama ule. Watu wakausimika bila kuimba.

Lizardo akaingia kilabuni kwa mama yake, mkononi kikasha kidogo cha barafu. Nilikuwepo, na Crisanta alikuwepo, anageuza viazi mlangoni.

"Mama," akasema, "nimekuletea. Nimeomba sana mpaka nikaipata. Kaa nikudunge, mvua inakaribia."

"Ni ngapi?"

"Moja."

"Na ya Crisanta?"

"Mama, hii tu nimeipata kwa shida..."

"Muulize na ya mke wa mpiga tarumbeta," Crisanta akadakia bila kugeuka. "Aa, nimesahau, yule hahitaji tena."

Hermelinda alikichukua kile kikasha. Alikishika vizuri, kwa mikono miwili, kama anavyoshika mtungi uliojaa. Akatoka nacho uwanjani, sisi nyuma yake. Akawaambia vijana waliokuwa juu ya ngazi, "Nitundikieni hiki pale." Wakakitundika katikati ya beseni na mwavuli.

"Mama, jua hili!" Lizardo akapiga kelele. "Itaharibika!"

"Ulisema utaleta chanjo mtini," akamjibu. "Haya, sasa iko mtini."

Bendi ikapiga. Hakuna aliyecheza. Hakuna aliyegusa shoka, maana kila mtu aliona kitu gani kingine kilikuwa kimening'inia: atakayeuangusha mti ule, mwakani analeta chanjo za wote. Hermelinda akamshika mwanawe mkono, akamzungusha mara moja, kama mwaka uliopita, akampa shoka.

"Kata, mwanangu. Uangushe. Mwakani utuletee zetu."

Alilishika. Niliona vidole vyake vikilizoea. Mtu aliyekwisha kuvunja ahadi moja, nyingine ingemgharimu nini? Angepiga tu, kikasha kishuke, mama yake apone, halafu asionekane tena. Mimi nilikuwa namwombea adanganye. Lakini alitutazama mmoja mmoja, akaliweka shoka chini taratibu, karibu na kiatu chake, akaenda kwenye gari. Akakaa ndani, dirisha limefungwa, anatutazama. Kisha gari likaondoka.

Maji yakaanza kudondoka kutoka kwenye kikasha. Tone, kimya, tone. Hermelinda amesimama chini yake, hatikisiki. Mke wangu nilimzika zamani. Watoto wangu wako mbali, wananipigia simu Krismasi. Nilichonacho ni yule mama na benchi lake.

Nikaliokota shoka.

"Kompadre, weka chini," akasema.

"Nacheza tu, komadre."

Nikapiga. Mzee kama mimi, mtasema naongeza, lakini kisiki kipo, nendeni mkaone kilivyoliwa ovyoovyo. Nilipiga mpaka mti ukainama. Nilikuwa nimeshaona utaangukia wapi, nikakiwahi kikasha kabla hakijagusa mchanga. Watoto wakavamia mabeseni. Hakuna aliyesema "Padrino".

Nesi Zenobia wa zahanati akakifungua, akakiangalia kialama cha kichupa kinachobadilika rangi kwa joto. "Bado nzuri," akasema, "lakini si kwa muda mrefu."

Nikamgeukia Hermelinda. "Nimekitoa mtini. Nampa nimtakaye, na aliyepewa hakatai. Mlinifundisha wenyewe."

Crisanta alikuwa pembeni yake, mafuta ya viazi bado mikononi. "Kubali, mwanamke," Crisanta akamwambia. "Mimi wataniogopa hao mbu."

Hermelinda akakunja mkono wa blauzi. Sindano ilipoingia hakuitazama, alinitazama mimi.

"Lizardo alinidanganya kwa mdomo," akasema. "Wewe umenifunga kwa desturi yangu mwenyewe. Nilitaka waone, Sixto. Nilitaka iharibike mbele ya watu, waone."

Hakuniita kompadre.

Mvua zikaja. Crisanta aliumwa mwishoni mwa mwezi wa tatu, mara ya pili, akiwatukana manesi mpaka sauti ikakauka. Hermelinda ndiye aliyemwosha. Tangu siku hiyo hakunji tena mikono ya blauzi. Anapika chicha joto lote hili, mikono ya nguo imelowa hadi kwenye kiwiko. Nikikaa kwenye benchi anahudumia wa kulia kwangu, anahudumia wa kushoto. Nikiomba ananiambia, "Imekwisha," mtungi ukiwa unatoa povu.

Na mimi sasa ndiye padrino wa mti. Wakubwa hawanisemi, lakini watoto wananifuata njiani: "Don Sixto, mwakani chanjo ngapi?" Nimeshaagiza mkaratusi. Hicho ndicho nilichoweza.

Juzi Otilia alirudi na viatu vyake. Vifo vya mwaka huu vimepimwa maabara, cha Crisanta kikiwamo, na kamati itakaa tena. Anataka shahidi mpya. Safari hii mji haukutafuta fundi wa maneno; umemchagua Hermelinda, naye amekubali. Kampuni itamleta Lizardo, kila mtu anajua hivyo, na yeye anajua.

Jana nilimwona anashusha kile kitambaa cheupe mlangoni, anakikunja. Basi lake linaondoka kesho. Nilitaka kumwambia, wakikucheka usinyamaze, endelea kusema, lakini aliingia ndani akafunga.

Huko Lima watamuuliza kama anamfahamu shahidi wa mwaka jana, mzee wa mbu na jogoo, na kama ni mtu wa kuaminika. Mwenyekiti atakuwa ameshika kalamu. Na Hermelinda hajui kusema uongo.